Shemeji Aliyehesabu Mpaka Kumi na Saba

Usiniangalie hivyo. Najua unachowaza: huyu fundi cherehani amezeeka, miaka yote kainamia nguo, macho yamechoka, sasa anaona vitu visivyokuwapo. Haya. Lakini mimi sikusimuliwa na mtu wa Goma aliyesimuliwa na mtu wa Sake. Nilikuwa ndani ya kaburi mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii mifupi, na marehemu akanipa mkono akanitoa. Wala si usiku. Ilikuwa alasiri, jua liko juu ya ziwa, watu wanarudi sokoni na vikapu vyao. Kama nadanganya, cherehani yangu isishone tena hata kitufe.

Na usicheke ufupi wangu. Tutafika huko, utaona mwenyewe ulivyoniponza.

Zilikuwa siku za Wabelgiji, na sisi tulikaa mtaa wa Waswahili hapa Gisenyi, jirani na soko. Mdogo wangu Zaina alikuwa ameolewa na Ramazani. Baba yetu alikwisha kufa, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwoza, na kila alipolia machozi yake yalikuwa juu ya kichwa changu. Ramazani alikuwa shofera wa lori la Mgiriki mmoja, anabeba maharage na viazi kutoka Mahoko. Siku hizo shofera hakuwa mtu wa mchezo. Gari likipita, watoto walilikimbilia nyuma wanuse moshi.

Na huyu alikuwa shofera na nusu. Mto Sebeya ulipofurika ukabeba daraja la miti, aliingia majini akatoa abiria sita mgongoni, mmoja mmoja, na wa saba alikuwa mbuzi. Njia ya Nyundo chui alimrukia akiwa anawasha gari. Akamuua kwa manivela, kile chuma cha kuzungushia injini, pigo moja tu, halafu akaendelea kuwasha gari kwa manivela ile ile bila kuifuta. Usibishe, ngozi niliiona, ilitandikwa kwenye kiti cha lori miaka mingi.

Shujaa, ndiyo. Sasa ungemuuliza shujaa huyo mkewe anaitwa nani! Miaka saba ya ndoa sikumsikia hata siku moja akitamka jina la Zaina. Alimwita kwa honi. Anafika barabarani, hashuki: honi moja, fungua mlango, mbili, leta chakula, tatu, maji ya kuoga. Binti wa watu anakimbia na sahani mkononi, majirani wote wanajua shemeji yangu sasa ana njaa au ana jasho. Siku moja nikajikaza, nikamwambia, "Shemeji, ile honi..." Akanitazama kutoka kule juu. "We fundi, unasema kitu?" Nikajibu kwamba sikusema kitu.

Mama yake alipokufa aliuliza tu kama wageni wamekula. Mtu akilia mbele yake alicheka. Woga hakuujua, machozi hakuyajua, na asante nafikiri hakuwahi kufundishwa.

Sasa sikiliza alivyokufa. Kule upande wa Goma, kwenye mawe ya volkano, kuna mashimo yenye hewa mbaya. Sisi tunaiita mazuku. Huioni, mara nyingi hata hainuki, imetuama tu pale chini. Mbuzi akishuka kula majani, harudi. Kila mtoto wa huku anajua kwamba shimoni hapalalwi. Asubuhi moja lori likamharibikia huko, jua kali, akashuka shimoni kutafuta kivuli. Wachungaji wakampigia kelele: "Toka hapo, iko mazuku!" Akawajibu, "Mazuku itaniogopa mimi." Akajinyoosha. Walipomvuta kwa kamba, kando yake walikuta mbuzi mmoja na kunguru wawili, wote wamekufa.

Utasema alizimia tu. Kila mtu ananiambia hivyo, hasa hawa vijana waliosoma. Kioo cha dukani kwangu, kile ambacho wateja hujitazamia suruali, ndicho kilichowekwa chini ya pua yake, na aliyekishika ni mimi. Nilikishika mpaka mkono ukafa ganzi. Hakikupata ukungu hata kidogo. Mzee aliyemwosha ameosha nusu ya mtaa wetu, hajawahi kukosea. Sanda nilikata mimi, kitambaa kipya cha marekani, na ilibidi niongeze kipande kwa urefu wake. Kwetu maiti haicheleweshwi. Alasiri ikamkuta juu ya mabega ya watu.

Nikashuka kaburini pamoja na ndugu zake wawili, tumpokee. Wao warefu kama yeye. Mimi hakuna aliyenilazimisha, lakini shemeji mtu unataka kuonekana. Kaburi lenyewe lilichimbwa kwa kipimo cha familia ile, si kwa kipimo changu.

Kuna desturi yetu moja. Kabla ya kumteremsha marehemu, mwalimu wa dini anasimama ukingoni anawauliza waliohudhuria: mnamshuhudia vipi huyu? Na watu hujibu kwamba alikuwa mtu mwema. Hata akiwa mwizi wa kuku, mtu mwema. Ni jambo dogo, halijawahi kumshinda mtu yeyote.

Mwalimu Sefu akauliza: "Ndugu zangu, munamushuhudia vipi Ramazani?"

Kimya.

Wallahi, kimya. Watu zaidi ya hamsini, na mimi shimoni nasikia mtu anajikuna. Nikajiambia, shemeji ni wewe, sema wewe. Nikafungua mdomo. Hapo hapo ikanijia ile honi, honi mbili, na mdogo wangu anakimbia na sahani. Nikakohoa.

Mwalimu akangoja, maskini, mpaka akaona aibu yeye. Mwisho sauti moja ikatoka kule nyuma: "Alikuwa... na nguvu."

"Bon," akasema mwalimu. "Mumuteremushe."

Wakamwinua kutoka kwenye jeneza, sisi chini tumenyoosha mikono. Na sanda ikakaa. Sisemi alikaa. Mimi nilichokiona kutoka kule chini ni sanda nyeupe, niliyoikata kwa mkasi wangu, inakaa kitako yenyewe kama mtu aliyeamshwa kunywa chai.

Weee! Hamsini wale sikuwaona tena. Nilisikia miguu tu, na mtu mmoja anasoma dua ya kula chakula, nadhani ndiyo iliyomjia upesi. Mwalimu Sefu aliacha kiatu kimoja. Wale ndugu wawili walipanda kwa kunitumia mimi. Wa kwanza alikanyaga bega hili, mpaka leo mvua ikikaribia ndilo linaloniambia. Wa pili alikanyaga kichwa. Nikabaki peke yangu. Nikaruka, vidole vikagusa ukingo, udongo ukamomonyoka. Nikaruka tena. Mtu mfupi ndani ya kaburi refu, hata Mungu nafikiri alitabasamu.

Sasa kando ya kaburi, kule chini, huwa tunachimba mwanandani, ile nafasi ya ubavuni anapolazwa maiti. Nikajiingiza humo. Nikajilaza ubavu, nikaelekea kibla kama inavyotakiwa. Usiniulize kwa nini. Nilifumba macho nikasikia mchanga unadondoka, na kivuli kikaingia.

"Shemeji."

Nikajibana zaidi ukutani.

"Shemeji, toka. Hapo ni nafasi yangu."

Sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua, kwa sababu pamba ilikuwa bado puani. Nikafungua jicho moja. Amelala kifudifudi ukingoni, uso ameufunua, ananukia karafuu maiti.

"We ni nani?" nikauliza.

"Mi ni Ramazani."

"Ramazani amekufa."

"Najua," akasema. "Nilikuwako."

Basi nikaanza kutetemeka, nakwambia bila aibu, na si kutetemeka tu, mambo mengine nitayaacha. Yeye akaendelea kuzungumza polepole. "Mwalimu aliuliza. Nilisikia muzuri. Nikasema, bon, sasa watajibu. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nikafika kumi na saba, shemeji. Kumi na saba! Halafu nikasema, kama ni hivi, siendi."

Nikajikunja zaidi humo ndani.

"Halafu we ukakohoa."

"Nina kifua, shemeji. Tangu juzi."

Hapo kitu kikanidondokea kwenye paji la uso, cha moto. Nikajua ni damu. Nikapangusa, nikaangalia mkono, ni maji. Ramazani alikuwa analia. Yule wa chui! Machozi yanapita kando ya ile pamba. Akateremsha mkono akanishika, na huo mkono ulikuwa baridi, baridi ya chupa iliyotolewa kisimani, na ulibaki hivyo hivyo maisha yake yote, hata jua la saa sita halikuupasha moto. Akanivuta mara moja, nikasimama juu ya majani.

"Asante," akasema.

"Asante ya nini? We ndiye umenitoa."

"Ya kukohoa. Wengine hawakukohoa hata."

Nilimdanganya juu ya kifua, na yeye ananishukuru. Aibu ile iliniingia mwilini ikakaa.

Tukatembea kurudi mjini, yeye na sanda yake, mimi na udongo wangu. Mbwa hawakubweka. Polisi mmoja barabarani alipiga saluti, sijui alituona akina nani. Nyumbani, wanawake waliokuja matanga walikwisha toka kwa mlango wa nyuma, sufuria zinachemka peke yake. Alibaki Zaina, ndani, amejifungia. Ramazani akasimama mbele ya mlango. Hana lori, hana honi. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona kwamba mtu huyu hajui namna ya kumwita mkewe.

"Shemeji, muite wewe," akaninong'oneza.

Nikaita. Zaina akauliza ni nani. Nikasema, eeh, ni bwana yako.

"Bwana yangu amekufa," akajibu bila hata kufungua dirisha. "Mumemuosha, mumemuvika sanda, mumemuswalia. Ama mulikuwa munaswalia gunia ya maharage?"

"Zaina, lakini amerudi, nimesimama naye hapa..."

"Amerudi ni maneno yenu. Mi niko kwa eda. Miezi ine na siku kumi. Mwanaume asiingie."

Unacheka? Hebu mjibu wewe, kama unaweza! Mwalimu Sefu aliletwa, na kiatu kimoja mguuni, akasimama mbali sana na Ramazani akawaza. Akisema hakufa, basi yeye mwenyewe ameswalia mtu aliye hai. Akisema alikufa, mjane yuko sahihi. Akasema vitabu alivyosoma havikufika hapo, ataandika barua kwa masheikh wa Ujiji. Barua ikaondoka.

Kesho yake nikaenda kusimama chini ya dirisha la Zaina, tuongee sisi wawili. Alikuwa analia sasa. Akaniambia, "Kaka, we ndiye uliniozesha. Ukinirudisha kwa honi ile, safari hii nitakufa mimi, na mi sitaamuka." Hayo ndiyo maneno yaliyoninyima usingizi miezi minne, si mzuka. Nikamwahidi kwamba nitamchunguza huyu mtu, na nitamwambia kweli tupu.

Ramazani akahamia dukani kwangu. Alilala chini ya meza ya cherehani na mlango wazi, kwa sababu chumba kikifungwa alipiga mayowe. Shujaa wetu! Aliogopa giza, aliogopa radi, aliogopa kitambaa cheupe. Na Idi inakaribia, kila mtu anataka kanzu nyeupe, mimi nashonea chooni. Nikikata nguo aliniuliza kama mkasi haumuumizi mtu. Jirani akichinja kuku, Ramazani anakwenda kumpa pole, si jirani, kuku. Alimlilia mama yake kwa siku tatu mfululizo, miaka mitano tangu azikwe, mpaka wateja wakafikiri tuna msiba mpya wakaniletea michango ya unga.

Halafu akaanza kuomba msamaha. Mtu mrefu, ananukia karafuu maiti bado, anabisha hodi kwako saa sita mchana: "Hodi, mi nilikuja kuomba unisamehe." Nani angengoja amalize? Watu walipita madirishani. Kule soko la Mahoko akina mama walimjazia viazi kapu zima aondoke tu, akarudi analia kwamba watu ni wema kiasi hiki na yeye hakujua. Nilimwambia, "Shemeji, wanakuogopa." Akasema, "Zamani pia waliniogopa. Lakini zamani hawakunipa viazi."

Usifikiri nilikuwa malaika. Alinichosha. Kuna siku nilimpigia kelele aache kushukuru viti. Nilimtukana makusudi, nikamwita gunia, nione kama yule wa zamani yumo ndani bado. Akaniangalia tu, akasema, "Sema tena, pengine ni kweli." Nikaona aibu, nikamtengenezea chai.

Mgiriki akamrudishia lori, na hapo mtaa mzima ukatega masikio. Ramazani alichofanya kwanza ni kukata waya wa honi. Akaanza kuendesha bila honi kabisa. Akikuta mbuzi njiani anashuka, anawaomba. Safari ya saa mbili ikawa ya kutwa, na Mgiriki akashika kichwa, lakini kumfukuza mfu naye aliogopa.

Basi siku moja niko naye Mahoko, nimefuata vifungo. Mchuuzi mmoja aliyemjua zamani akataka kuonyesha watu kwamba hana woga. Akapaaza sauti: "Muangalieni huyu! Alikufa mwanaume, akafufuka mwanamuke!" Soko likacheka. Ramazani alikuwa ameshika manivela. Nikaiona ikipanda. Nikaliona lile jicho la zamani, nakuapia, jicho la chui na la honi, na nikajua kwamba imekwisha, jioni nitamwambia Zaina asifungue mlango maishani. Chuma kikasimama hewani. Midomo yake ikaanza kucheza. Nikasogea. Alikuwa anahesabu.

"...kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba." Akateremsha manivela, akaiweka chini. Akamwambia yule mchuuzi, "Mi niko na hasira sana. Lakini sitaki tena ile kimya." Mchuuzi hakuelewa kitu. Mimi nilielewa. Nikageukia magunia nijifute macho, kwa sababu mtu hawezi kulia mbele ya mtu anayelia kila siku, ataona umemwiga.

Jioni hiyo nilimsimulia Zaina yote dirishani. Akanisimulisha mara ya pili.

Eda ikaisha. Nilimshonea Ramazani kanzu ya buluu. Hakuna aliyekubali kumwendea posa, kwa hiyo alikwenda mwenyewe, na mimi nyuma, na nyuma yangu mtaa mzima kwa umbali wa kukimbia. Akasimama mbele ya mlango ule ule. Kabla hajafungua mdomo, Zaina akauliza kutoka ndani:

"We unayesimama hapo. Ulimujua marehemu bwana yangu?"

"Ndiyo," akasema Ramazani.

"Unamushuhudia vipi?"

Ayii! Kimya kikaanza. Na mimi, sijui kwa nini, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nane. Tisa. Sema, mtu wangu. Kumi na mbili. Nilitaka kukohoa nimsaidie, nikajizuia.

"Alikuwa na nguvu," akasema Ramazani, na mtu mmoja nyuma akacheka. "Hakukuwa na kitu ingine. Alikuwa mwoga."

"Mwoga? Si aliua chui?"

"Chui ni rahisi. Chui hakuulizi kwa nini hukulia mama yako." Akajipangusa kwa mkono wa kanzu yangu mpya. "Aliogopa watu wakiona iko na moyo, watamucheka. Basi akawacheka wao kwanza. Alikuwa na bibi muzuri, akamuita kwa honi, kwa sababu honi haitetemeki." Akavuta pumzi. "Bibi yake anaitwa Zaina. Jina lake alilijua siku zote. Zaina. Zaina."

Wanawake wakaanza kulia. Ndani hapakusikika kitu, na mimi nilikuwa nimefika mbali kabisa na kumi na saba.

"Mungu amurehemu marehemu," akasema Zaina taratibu. Ufunguo ukazunguka. "We ingia. Uvue viatu, nimepiga deki."

Wiki moja baadaye jibu la Ujiji likafika. Mwalimu Sefu alilisoma akalikunja akalitia mfukoni, hakutaka kutuonyesha. Tulipombana akatuambia masheikh wameandika mstari mmoja tu, kwamba watu wa Gisenyi waache pombe.

Tangu siku ile, nenda kokote kwenye maziko ya mtaa wetu. Mwalimu hamalizi swali. "Munamushu..." "Mtu mwema! Mtu mwema!" Wanapiga kelele kama wako mnadani. Na mimi sishuki kaburini bila kigoda changu. Vijana wananicheka, fundi anakwenda kuzika na kiti. Wacha wacheke, wao hawajawahi kulala kwenye mwanandani.

Ramazani aliishi miaka mingi tena. Aliendelea kuwa mwoga, aliendelea kulia, na nyumba ile ilijaa watoto wanaopanda mgongo wake na ule mkono wa baridi uliwapoza wakiwa na homa. Halafu akafa kweli, kitandani, Zaina amemshika. Nilikata sanda nyingine. Nikashuka na kigoda changu. Mwalimu wa sasa, kijana, akasimama ukingoni akauliza lile swali, akalimaliza lote.

Kimya.

Nikainua uso. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile, na hakuna aliyeweza kusema, kila mtu ameziba mdomo na nguo analia. Hata yule mchuuzi wa Mahoko. Lakini mimi nikashikwa na hofu kubwa: Mungu wangu, huyu anahesabu! Nikapiga kelele kutoka shimoni, sauti inakatika: "Mtu mwema! Mtu mwema, shemeji, unasikia? Mtu mwema!" Ndipo na wao wakapokea, wote, wakiwa wanalia.

Nilimlaza mimi. Nikaweka mdomo sikioni nikamwambia, "Siku ile sikuwa na kifua. Nilinyamaza kwa makusudi. Nisamehe. Na kimya cha leo si kile." Halafu nikangoja. Nilihesabu mpaka kumi na saba, nikarudia tena kumi na saba. Hakuamka. Nakwambia kweli, nilimkasirikia. Nikapanda kigoda changu, nikatoka.

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo unanisikiliza, shika hili. Ukienda kuzika, wakauliza mnamshuhudia vipi, usifikiri yule aliyefunikwa hayupo. Yupo, na anahesabu. Jibu upesi. Na kama una neno zuri juu ya mtu, nenda kamwambie leo akiwa na viatu miguuni, usije ukaniambia mimi habari za kifua.